Ukiumwa na nyoka au nge kazini: saa ya kwanza, karatasi, na nani analipa

Wiki mbili zilizopita alitupigia kaka mmoja, fundi wa kujenga, yuko upande wa milimani kule Ras Al Khaimah. Jua lilikuwa limeshazama, yeye anahamisha matofali ya saruji yaliyokaa chini muda mrefu, mara akahisi kama kachomwa na msumari kidoleni. Kutazama, akaona kinyoka kifupi cha rangi ya mchanga kinajikunja na kutoa sauti kama mafuta yanayokaangwa. Akafanya nini? Akakaza kidole kwa waya wa kufungia nondo, akamaliza zamu, akarudi kambini kulala. "Nilijua nikimwambia foromani atanikata siku," alituambia. Asubuhi fizi zilikuwa zinatoka damu.

Amepona, tunamshukuru Mungu, ingawa ncha ya kidole imekwenda. Lakini hakutupigia kwa sababu ya kidole. Alitupigia kwa sababu kampuni inasema hakuna ajali iliyoandikwa saiti siku ile, na karatasi ya hospitali inasema "ameletwa asubuhi kutoka kambini". Basi kwa macho ya kampuni aliumwa akiwa kitandani kwake, na siku alizolala hospitali si juu yao. Miezi miwili sasa hajatuma kitu nyumbani. Ada ya mtoto imelipwa kwa mkopo wa riba.

Ukurasa huu ni wa pesa, na mmezoea tukiongea gharama za kutuma na namna ya kuweka akiba. Leo tunaongea nyoka, nge na chungu, kwa sababu tumeona mara nyingi sana jinsi jeraha dogo la usiku mmoja linavyokula akiba ya mwaka. Na mara nyingi siyo sumu iliyokula ile akiba. Ni saa chache za mwanzo ambazo mtu alinyamaza.

Wadudu na nyoka wa huku

Tuanze na yule kinyoka. Huku Oman na kwenye milima ya Falme za Kiarabu (wengi tunasema Dubai tu, hata kama mtu yuko Fujairah) yupo nyoka mfupi, aghalabu hafiki hata urefu wa mkono wako, ambaye akikasirika husugua magamba yake na kutoa ile sauti ya kukaanga. Ni wa ukoo mmoja na kifutu wa kwetu, ila mdogo. Hukaa chini ya mawe, kwenye mabonde makavu, mashamba ya mitende, na palipo na rundo la vitu. Miezi ya joto hutembea usiku. Sumu yake inaharibu uwezo wa damu kuganda. Hilo ndilo la kushika, maana maumivu ya mwanzo yanaweza kuwa madogo, ukajiona mzima, halafu baada ya saa kadhaa damu inaanza kutoka puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, au kwenye kidonda cha zamani ulichokwisha kukisahau.

Walioko Salala na Dhofar kwa jumla wana la ziada: huko wapo kifutu mwenyewe na swila wa Kiarabu. Swila anashambulia mishipa ya fahamu. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, pumzi inakata. Ukiona mwenzako anaongea kama mlevi na macho hayafunguki baada ya kuumwa, hapo hakuna kusubiri hata dakika.

Nge wengi huuma tu, kuuma kwelikweli, na baada ya siku maumivu yanaisha. Yule mweusi mwenye mkia mnene ndiye wa kuogopwa. Dalili za hatari ni jasho jingi ghafla, mate kujaa mdomoni, kutapika, moyo kwenda mbio, misuli kutetemeka, kifua kubana. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hustahimili. Mtoto mdogo ndiye anayeweza kufa, na hilo tutalirudia kwa dada zetu wa majumbani.

Halafu kuna chungu. Watu hucheka tukisema chungu, lakini Saudia na Falme za Kiarabu wapo chungu weusi wembamba wanaoitwa samsum, ambao asili yao ni Afrika, na wanachoma kwa mwiba wa nyuma kama nyuki. Kwa wengi ni muwasho na uvimbe. Kwa wachache mwili unaipokea ile sumu vibaya: mabaka yanatoka mwili mzima, midomo na ulimi vinavimba, kifua kinapiga filimbi, kizunguzungu, mtu anaanguka. Inaweza kutokea ndani ya dakika chache, na watu wamekufa hivyo. Nyuki na nyigu wanaweza kuleta jambo lilelile. Kama umewahi kuvimba uso au kuishiwa pumzi kwa kuchomwa na mdudu yeyote, mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi. Mwambie daktari, omba iandikwe kwenye faili lako, na uliza kuhusu sindano ya adrenalini ya kukaa nayo mwenyewe. Hiyo huchomwa pajani, papo hapo, kabla gari la wagonjwa halijafika.

Saa ya kwanza

Kwa nyoka: ondoka pale alipo, usimfukuze, usimuue ili kumpeleka hospitali. Ukiweza kumpiga picha kwa mbali, vizuri. Vua pete, bangili, saa na kiatu cha mguu ulioumwa kabla uvimbe haujaanza. Kaa chini au lala. Mkono au mguu uliojeruhiwa usitikisike, ufunge na ubao au kadibodi ngumu kama mtu aliyevunjika, bila kukaza. Wenzako wakubebe, usitembee mwenyewe hadi barabarani. Piga gari la wagonjwa: Oman 9999, Falme za Kiarabu 998, Saudia 997, Qatar na Bahrain 999, Kuwait 112. Zihifadhi kwenye simu leo, usiku wa tukio hutazikumbuka.

Usiyoyafanya ni mengi kuliko unayoyafanya, na hapa tunajua tutagombana na baadhi yenu. Usifunge kamba wala waya. Sumu ya yule kinyoka inakula nyama pale pale ilipoingia. Ukiifungia sehemu moja na ukazuia damu, kidole au mguu unakufa, kama ilivyomtokea kaka yetu. Usichanje kwa wembe. Damu isiyoganda ukiichanja unaifungulia bomba. Usinyonye, usiweke barafu, usimwage petroli, usiguse kwa umeme wa betri.

Na jiwe la nyoka. Tunalijua. Tumekua tukiliona, Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, kila mahali kuna mzee au padri anayelo, na kila mtu ana shangazi aliyepona kwa jiwe. Shangazi alipona kwa sababu nyoka wengi wanaouma hawana sumu, na hata mwenye sumu wakati mwingine anauma bila kuitoa. Jiwe halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Linachofanya ni kukuweka kambini saa tatu zaidi. Tumeona watu wanalibeba kwenye mkoba kutoka nyumbani hadi Ghuba. Libaki kwenye mkoba.

Dawa za maumivu: Panadol sawa. Usimeze aspirini, Brufen wala diklofenaki ukiumwa na nyoka, zinazidisha kutoka damu. Na wengi wetu tunaofanya kazi za nguvu tunazo mfukoni, tunazimeza kama karanga.

Ukifika hospitali usishangae wakikukalisha bila kukuchoma dawa mara moja. Mara nyingi watachukua damu yako kupima kama inaganda. Kipimo kimoja cha zamani, bado kinatumika sehemu nyingi duniani, ni kuiacha damu kwenye chupa safi ya kioo dakika 20 bila kuitikisa. Ikiwa bado ni maji, sumu inafanya kazi. Dawa ya kupinga sumu inatengenezwa kwa damu ya wanyama, mara nyingi farasi, nayo yenyewe inaweza kuuletea mwili mshtuko, kwa hiyo hawampi mtu asiyeihitaji. Watataka ukae angalau saa 24. Kaa. Usimwombe nesi akuruhusu kwa sababu una zamu ya alfajiri. Tutaeleza chini kwa nini kutoroka hospitali kunaweza kukugharimu pesa pia.

Kwa nge na wadudu wengine: osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, meza Panadol, mwambie mtu akuangalie kwa saa kadhaa. Ukiona zile dalili za hatari tulizotaja, hospitali.

Jambo dogo lenye maana kubwa: saa. Sisi tunasema saa kumi na moja jioni, daktari Mhindi au Mmisri anasikia kumi na moja, anaandika 11. Kwa daktari anayehesabu saa tangu sumu iingie, hilo ni kosa la saa sita, na kwa bima ni ajali iliyotokea wakati hukuwa kazini. Andika kwa tarakimu kwenye simu, 17:00, umwonyeshe.

Na kama hujui Kiarabu kabisa: ladaghatni akrab, nge ameniuma. Akrab unamjua, ndiye akrabu wa saa na wa nyota kwetu. Ladaghatni haya, nyoka ameniuma. Gari la wagonjwa ni is'af, hospitali mustashfa. Inatosha kwa kuanzia.

Dada wa nyumbani na mtoto wa bosi

Kina dada wanatuambia wao hawako saiti, hayawahusu. Yanawahusu. Tumesikia ya aliyeumwa akianua nguo zilizolala nje usiku, ya aliyeingiza mkono kwenye stoo ya mapazia, ya aliyepelekwa na familia kupiga hema jangwani msimu wa baridi na akawa yeye ndiye anayekusanya kuni na kukunja mazulia asubuhi. Yote hayo ni kazi. Aliyeumwa akikunja zulia la bosi ameumwa kazini sawasawa na fundi aliyeumwa kwenye matofali.

La mtoto ni gumu zaidi. Dada mmoja alituandikia kwamba mtoto wa miaka mitatu alichomwa na nge bustanini akiwa chini ya ulinzi wake, na yeye akaogopa. Alimwosha, akambembeleza, akasubiri mama mwenye nyumba arudi sokoni. Mtoto akaanza kutapika na kutoka jasho. Alipompigia mama, jambo la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Tangu saa ngapi?"

Mtoto mdogo akichomwa na nge, usisubiri dalili. Piga simu kwa wazazi na kwa gari la wagonjwa palepale, kwa mpangilio wowote ule. Tunaelewa hofu: kupigiwa kelele, kukatwa mshahara, kurudishwa kwa wakala. Lakini nge kwenye bustani si kosa lako, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu kwa nge. Kukaa kimya saa moja ndiko kutakakokuhukumu. Tuma ujumbe wa sauti au wa maandishi hata kama umepiga simu, ili ibaki alama ya muda: "Mama, saa 16:20 mtoto ameumwa na nge bustanini, nimepiga 9999." Yule mtoto alipona. Dada bado yuko pale pale kazini.

Karatasi

Turudi kwa fundi wetu, maana pesa yake imepotelea hapa.

Kitu cha kwanza ni kuripoti siku ile ile, kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp kwa foromani unatosha kuanzia: tarehe, saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, nani aliona. Kama foromani ni mtu wa kutisha, tuma kwenye kundi la saiti ambako wengine wamo. Usitumie sauti peke yake, andika. Piga picha mahali penyewe na picha ya jeraha, mara kadhaa, uvimbe ukipanda. Kama huwezi, mwenzako akupigie. Ndiyo maana kila mtu kambini awe na mtu mmoja wa kusimama naye.

Pili, maneno utakayomwambia daktari wa kwanza ndiyo yatakayokufuata. Sema "nilikuwa kazini, nahamisha matofali" na uombe iandikwe. Ukisema tu "nyoka ameniuma", ataandika nyoka. Ukitoka, dai ripoti ya kuruhusiwa, cheti cha mapumziko, na risiti zote hata ya teksi. Vyote vipige picha uvitume kwa mtu unayemwamini nyumbani, kwa sababu simu hupotea na wakati mwingine huchukuliwa.

Tatu, usisaini karatasi ya Kiarabu usiyoielewa ukiwa kitandani. Hasa ile ya mukhalasa, ya kumaliza hesabu, inayosema umepokea haki zako zote. Ikisainiwa, kuifungua tena ni kesi. Sema utasaini matibabu yakiisha na ukipata mtu wa kukusomea.

Nani analipa

Tutaeleza Falme za Kiarabu kwa kirefu kwa sababu huko sheria imeandikwa wazi, kisha tutagusa kwingine.

Sheria ya kazi ya huko, Na. 33 ya 2021, inamfanya mwajiri alipe matibabu ya ajali ya kazini hadi mfanyakazi apone na aweze kurudi kazini, au hadi ulemavu wake uthibitishwe. Kama jeraha limekuzuia kufanya kazi, unalipwa mshahara kamili kwa muda wa matibabu au miezi sita, kinachotangulia. Ikizidi miezi sita, nusu mshahara kwa miezi sita mingine. Mfanyakazi akifa, familia inalipwa mshahara wa msingi wa miezi 24, usipungue dirham 18,000 wala kuzidi 200,000. Angalieni neno msingi. Mwenye mkataba wa msingi 600 na posho 700, hesabu inaanza na 600: mara 24 ni 14,400, inapandishwa hadi 18,000. Mwenye msingi 1,300 na bila posho, pesa ileile mfukoni kila mwezi, familia yake inapata 31,200. Mkisaini mkataba mpya, tazameni pesa imegawanywaje.

Ajali ya kazini ni ile iliyotokana na kazi au iliyotokea wakati wa kazi, na pia njiani kwenda au kurudi kazini bila kupitia mahali pengine. Basi ukiumwa ukitembea kutoka saiti hadi kwenye basi la kampuni, umo. Kitandani kambini ndipo mabishano yanapoanza, na ndipo kampuni inapotaka kukuweka. Hata hivyo matibabu yako yana njia nyingine, bima ya afya, ambayo mwajiri anatakiwa kuilipia. Tangu Januari 2025 hata zile emirati za kaskazini zilizokuwa hazina sharti hilo zimeingizwa, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Weka picha ya kadi ya bima kwenye simu.

Sheria hiyo hiyo inataja mambo yanayokunyima fidia. Kujiumiza kwa makusudi, ulevi, kukiuka kwa kusudi maagizo ya usalama yaliyobandikwa mahali pa kuonekana. Na hili: kukataa bila sababu ya maana kuchunguzwa au kufuata matibabu ya hospitali. Sasa mnaona kwa nini tulisema usitoroke wodini. Mtu aliyetoka usiku kwenda kutafuta jiwe la nyoka amempa mwajiri sababu mkononi. Vilevile glovu zilizotolewa na tangazo lililobandikwa, zivae, hata kwenye joto la nyuzi 45. Tunajua zinachosha.

Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, Na. 9 ya 2022. Siku za ugonjwa ni 30 kwa mwaka: 15 kwa mshahara, 15 bila. Hesabu ya haraka: dada wa dirham 1,200 akilala mwezi mzima anapata 600. Baada ya hapo hakuna siku za ugonjwa zilizobaki mwaka ule. Ndiyo maana kwake ni muhimu zaidi kwamba jeraha liandikwe kuwa la kazini, siyo "alijisikia vibaya". Malalamiko, kwa wote, namba ya wizara ya kazi ni 80084.

Saudia, walio kwenye makampuni wanakatiwa fungu la ajali za kazini kwenye bima ya jamii, GOSI: asilimia 2 ya mshahara, mwajiri peke yake anailipa, kwa Msaudi na mgeni sawa. Hakikisha umesajiliwa. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo kwenye fungu hilo. Qatar, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani Na. 15 ya 2017 inasema mfanyakazi wa nyumbani alipwe fidia ya ajali kwa kufuata sheria ya kazi ya kawaida, jambo ambalo waajiri wengi wanajifanya hawalijui. Oman, sheria ya kazi ya 2023 inatoa hadi siku 182 za ugonjwa, siku 21 za kwanza mshahara wote, kisha inashuka kwa ngazi. Kina dada wa majumbani wako chini ya kanuni zao wenyewe, kwa hiyo tafuta kwenye mkataba wako mstari wa matibabu na usome unavyosema.

Pesa ya kukaa nayo

Tunawajua. Mshahara ukiingia asubuhi, jioni umeshavuka bahari. Mama anasubiri, nyumba iko kwenye linta, kaka anataka bodaboda. Hata kama sheria iko upande wako, malipo ya mwajiri huchelewa, na kati ya kuumwa na kulipwa kuna teksi, dawa, chakula, na ada nyumbani ambayo haisubiri.

Ushauri wetu ni mdogo: kabla ya linta, weka huku ulipo kiasi cha pesa unayotuma kwa mwezi mmoja. Ukituma 700, weka 700, kidogo kidogo, hata 70 kwa mwezi kwa miezi kumi. Isiwe chini ya godoro la chumba cha watu wanane. Akaunti ya mshahara inatosha. Mwambie mtu mmoja tu nyumbani kwamba ipo, na usimwambie ni kiasi gani.

Siku ukiumia, waambie mapema kwamba mwezi huu pesa itapungua. Watu wanaficha ili wasiwatie wasiwasi wazazi, matokeo yake mzazi anakopa kwa riba akidhani ya mwezi ujao inakuja. Sema kipi kilipwe kwanza. Ada ya shule, ndiyo. Mabati yasubiri.

Tochi ya noti

Nge anang'aa. Ukimmulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, ileile wanayotumia madukani kukagua noti bandia, anawaka rangi ya kijani kama taa gizani. Tochi hizo ni za bei ndogo, na moja inatosha chumba kizima. Mmulike ukuta, viatu, chini ya kitanda kabla ya kulala, na rundo la mbao kabla ya kuligusa alfajiri. Nyoka haonekani kwa tochi hiyo, kwake tumia ya kawaida. Kitanda kisiguse ukuta, shuka lisiburure chini. Kung'uta buti kila asubuhi. Rundo la matofali au mbao lipinduliwe kwanza kwa chuma, ndipo mkono ufuate. Mabaki ya chakula yanaleta panya, panya wanaleta nyoka, hilo hata kijijini tunalijua.

Tumebakiwa na swali la msomaji ambaye hakutaka tumtaje hata nchi. Ametoka kwa kafili wake, bataka imeisha, anafanya kazi ya shamba kwa siku. Akiumwa je? Hatutamdanganya: anaweza kuulizwa karatasi, na bili inaweza kuwa juu yake. Lakini hospitali anaweza kuomba kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii, ubalozi wake unaweza kuitwa akiwa kitandani, na vyama vyetu vya huku vimechangia bili za watu mara nyingi tu. Apige simu ya gari la wagonjwa kwanza. Na namba ya ubalozi aiandike leo kwenye karatasi aitie ndani ya kava la simu, pamoja na jina la mtu mmoja anayejua alipo.